Mkwe Aliyesahihisha Ngoma

Kuanzia Puta mpaka Kabuta, pwani yote hii ya ziwa Mweru, hapakuwa na mtu aliyeujua muziki kumshinda Mukuka Kalaba. Jambo hili halikuwa na ubishi, kwa sababu Mukuka mwenyewe ndiye aliyelitangaza, na alilitangaza kila siku.

Alikuwa amekaa Elisabethville, kule Kongo. Wengine waliokaa huko walirudi na cherehani, au na kikohozi. Mukuka alirudi na gramafoni ya kuzungusha kwa mkono, santuri ndani ya sanduku la bati, kofia ya kahawia, na maneno machache ya Kifaransa ambayo aliyagawa kwa ukarimu mkubwa. Ukimwamkia "Mwapoleni, ba Mukuka," alikujibu "Bonzuri." Ukimwambia samaki wamekuwa haba, alikujibu "Vuala."

Kazi yake ilikuwa kununua samaki wakavu, wale mpale wa ziwani, na kuwapeleka bara kwa baiskeli. Kwa kuwa gramafoni haikuwa na mahali pengine pa kukaa, ilisafiri juu ya kapu la samaki. Haukupita muda santuri zake zote zikawa zinanuka mpale, na watu wa bara ambao hawajawahi kuliona ziwa wakaamini kwamba ndivyo muziki wa Kongo unavyonuka.

"Wimbo," alipenda kusema pale sokoni Nchelenge, akiwa ameegemea baiskeli, "iko sawa na samaki. Kama kichwa iko muzuri, mukia hapana neno."

"Na katikati?" aliuliza Rodwell, rafiki yake, mvuvi mwenye subira ambaye aliitumia nusu yake kwa nyavu na nusu kwa Mukuka.

"Katikati ni miiba. Mutu wa akili anaipita."

Kuhusu vichekesho pia alikuwa na msimamo. Alisema mchekeshaji wa kweli hasemi kitu. Alisema Elisabethville alimwona mmoja aliyepanda jukwaani, akavua kiatu, akakitazama, akakivaa tena, akashuka. Na watu wakabebwa kupelekwa hospitali kwa kucheka! Ili wasioamini waamini, Mukuka alivua kiatu chake pale pale sokoni, akakiinua juu.

Watu wa Nchelenge walikitazama. Kilikuwa kiatu.

"Mungelikuwa kule, mungeelewa," alisema, akakivaa.

Kila Jumamosi kulikuwa na dansi katika banda la samaki. Vijana walipiga magitaa yenye nyuzi za waya wa breki za baiskeli, na kila mtu alicheza, isipokuwa Mukuka. Mtu anayejua muziki hachezi. Alisimama mbele kabisa, mikono kifuani, akisikiliza. Akitikisa kichwa, mpiga gitaa aliukaza waya. Akitikisa tena, aliulegeza. Jumamosi moja alikitikisa mpaka waya ukakatika, dansi likaisha jua likiwa bado liko juu, na waume wote wakarudi nyumbani wakiwa na akili zao timamu. Wake zao walimsifu Mukuka kwa wiki nzima. Alidhani wanasifu sikio lake.

Basi, mtu huyu mwenye maneno mengi kuliko gazeti alikuwa na mahali pamoja ambapo hakuruhusiwa kufungua kinywa hata kupiga mwayo. Mahali penyewe ni mbele ya mama mkwe wake.

Mukuka alikuwa amemwoa Olipa wa Kabuta, binti wa marehemu Mwalimu Bwembya. Na kwa desturi ya pwani hii, anayeoa hukaa kwanza kwa watu wa mke wake, na mpaka siku atakapoingizwa, hamtazami mama mkwe usoni, hasemi naye, hali mbele yake. Wakikutana njiani, yeye ndiye anayeiacha njia na kuingia majanini. Siku ya kuingizwa, upande wa mke hupika kila chakula kinacholiwa nyumbani kwao, wakakileta kwa nyimbo na ngoma. Mkwe hukaa mkekani, kichwa chini, kimya, mpaka chungu cha mwisho kifunuliwe. Hapo mama mkwe humwita kwa jina lake, naye huitika. Basi. Amekuwa mtoto wa nyumba; atasema, atakula mezani, na atamchukua mke wake kwenda naye anakotaka.

Lakini akifungua kinywa kabla ya kuitwa, vyungu hurudi vilikotoka, na habari hiyo haizungumzwi tena mpaka mwaka mwingine.

Mukuka aliutaka mno uhuru huo. Alikuwa amekwisha kujenga nyumba Nchelenge, karibu na soko, yenye baraza pana upande wa barabara. Baraza lilikuwa la gramafoni. Kilichokuwa hakijapatikana ni mke wa kukaa ndani, maana Olipa asingetoka Kabuta kabla mumewe hajaingizwa, hata kama baraza lingekuwa na mapazia.

Mama Bwembya, mama mkwe mwenyewe, hakuwa na haraka. Alikuwa mwanamke aliyesoma misheni, mwenye mwandiko ulionyooka hivi kwamba vyeti vyote vya ubatizo vya miaka ile viliandikwa na yeye. Mumewe alipofariki, aliendelea kuitandika meza kwa kitambaa cheupe kana kwamba mkaguzi wa shule angefika wakati wowote. Katika ukoo wake hakuna mtu aliyewahi kushtakiwa, kulewa barabarani, wala kuimba nje ya kanisa. Alijua kwamba siku akimwingiza Mukuka, Mukuka ataanza kusema. Na kila mtu Kabuta alijua Mukuka akianza kusema, mwisho wake hauonekani kwa macho.

Kwa hiyo aliahirisha. Mara mihogo haijakauka, mara kuna msiba wa jirani, mara mvua. Angeahirisha mpaka leo kama si habari ya matete.

Ilikuwa hivi. Mukuka alikuwa ameegesha baiskeli yake kando ya njia ya ziwani, akaifungua gramafoni ili awaelimishe wanawake waliokuwa wakianika samaki. Santuri ilikuwa ya bwana mmoja aliyemlilia msichana amfungulie mlango. Bwana huyo hakuwa amefika hata nusu ya kilio chake, Mama Bwembya akatokea kwenye kona, kitabu cha nyimbo za kanisa mkononi.

Mkwe mwema huiacha njia. Mukuka alikuwa mkwe mwema. Aliikumbatia gramafoni kama mtoto aliyeungua, akajirusha ndani ya matete.

Kwa haraka ile hakukumbuka kuinua sindano.

Mama Bwembya alipita taratibu, shingo imenyooka, macho mbele. Na alipokuwa akipita, matete upande wake wa kulia yalimwambia kwa sauti nene ya kiume, "Nifungulie, mpenzi, usiku umekuwa mrefu!"

Hakugeuka. Ilikuwa saa nne asubuhi.

Wanawake wa samaki waliinamia samaki wao kwa bidii ambayo samaki hao hawajawahi kuiona. Kufikia jioni, wavuvi walikuwa wakisimamisha mitumbwi yao mahali pale ili kusikiliza. Kufikia Jumapili, Kabuta nzima ilikuwa ikizungumza juu ya "yale matete ya Mama Bwembya", na katekista, mtu mpole sana, alimwuliza mlangoni mwa kanisa kama anapata usingizi mzuri.

Mama Bwembya alirudi nyumbani, akavua viatu vya kanisani, akamwita Olipa.

"Mwambie mumeo ajiandae," alisema. "Ni heri mkwe anayesema ndani ya nyumba kuliko matete yanayoimba njiani."

Mukuka alipopata habari alizungusha gramafoni mpaka mkono ukauma.

"Sasa usikilize," Olipa alimwambia, akimnyang'anya ule mkono wa gramafoni. "Ile siku kazi yako ni moja tu. Kunyamaza."

"Kunyamaza? Hiyo ni kazi gani? Hata jiwe inaweza."

"Jiwe haijakaa Elisabethville."

"Mi nitanyamaza, Olipa."

"Wataimba nyimbo za kukucheka."

"Bon! Mi napenda vichekesho."

"Watasema uko mvivu. Watasema miguu yako ni kama ya korongo."

"Waseme. Kama kichekesho iko na mpango, mi nitaipenda."

"Na ngoma atapiga Nakulu Chisenga," Olipa alisema polepole.

Uso wa Mukuka ukabadilika kidogo, kama maji wingu linapopita juu yake. Nakulu Chisenga ndiye bibi yake Olipa, mama mzazi wa Mama Bwembya. Alikuwa mpiga ngoma wa ukoo tangu kabla ya misheni kujengwa, na hakuna sherehe iliyofanyika bila yeye. Lakini sasa alikuwa na bega bovu. Mdundo wake ulikuja pale bega lilipokubali.

"Nitanyamaza," alisema Mukuka, safari hii kwa sauti ndogo.

Siku ikafika, mchana kweupe, na watu wakajaa. Walikuja wa Nchelenge. Walikuja ndugu wa Puta kwa mtumbwi. Katekista alikuja na mkewe na kiti chake mwenyewe. Mama Bwembya alitaka hivyo. Alitaka kila mtu aliyesikia matete aone sasa jinsi nyumba yenye heshima inavyomwingiza mkwe.

Mukuka alikaa mkekani mbele ya nyumba waliyopewa na wakwe pale Kabuta, kichwa wazi, macho kwenye magoti. Pembeni yake alikaa Rodwell, aliyekuwa mshenga wake. Mshenga ndiye anayemsemea mkwe, na Rodwell alikuwa ameapa kumsemea vizuri, mradi tu mwenyewe asijisemee.

Kwa mbali ngoma ikalia. Wanawake wakatokea kwa mstari, vyungu vichwani, wakicheza kwa hatua ndogo ndogo bila kugusa vyungu kwa mkono. Mbele kabisa alitembea Mama Bwembya katika gauni jeusi, na nyuma kabisa Nakulu Chisenga na ngoma yake kiunoni.

Dum. Dum. Halafu bega likafikiri. Dum.

Mukuka alifumba macho.

Chungu cha kwanza kilifunuliwa: bukari, ule ugali wa mihogo, nyeupe kama kola ya padri. Wanawake waliimba. Ngoma ilifika baada yao, kama mgeni aliyepotea njia. Kidole gumba cha mguu wa Mukuka kilianza kupiga mkeka.

"Tuliza mguu," alinong'ona Rodwell.

Kidole kikatulia.

Chungu cha pili kilikuwa sombe, majani ya mihogo yaliyotwangwa na karanga. Wimbo wake ulikuwa mtamu, wenye majibizano, wimbo ambao kwa ngoma sahihi ungeweza kumwinua mtu aliye mahututi. Ngoma iliruka pigo la tatu kabisa, ikalikumbuka baadaye, ikalipiga mahali pasipo pake. Goti la Mukuka liliruka kama la mtu aliyegongwa na daktari.

Rodwell aliweka mkono juu yake, akaegemea kwa uzito wake wote.

Kisha wakaja na mpale, samaki wa heshima, waliopikwa wazima wazima. Na hapo ndipo wanawake walipoanza kumcheka mkwe, maana desturi ndiyo hiyo. Walimzunguka wakiimba:

"Mume wa Olipa ana wake wawili,
mmoja anapika,
mmoja anazungushwa kwa mkono!"

Watu walicheka mpaka mtumbwi wa watu wa Puta, kule ziwani, ukajibu kwa mwangwi. Katekista alicheka ndani ya leso. Na Mukuka? Mukuka hakuchukia hata kidogo! Moyoni alikipima kichekesho kile, akakiona kina mpango, kimeanza vizuri, kimeishia pazuri. Angekuwa na ruhusa angewapongeza.

"Usiku anamwimbia,
mchana anamfuta vumbi,
Olipa akalala na kapu la samaki!"

Wamtukane, aliwaza. Wamwite korongo, wamwite kapu. Lakini lile pigo la tatu! Kila lilipofika zamu yake, wimbo ulinyanyua mguu kama mtu anayepanda ngazi, na ngazi haikuwapo. Alikunja mikono, mikono ikajikunjua. Alijiuma mdomo. Alifikiri juu ya baraza la Nchelenge, juu ya mlango wa nyumba yake, juu ya Olipa ameketi pale jioni. Na kila picha hiyo ilipokaribia kutulia, dum ilikuja kwa kuchelewa na kuibomoa.

Kilikuwa kimebaki chungu kimoja tu. Kuku. Mama Bwembya alikwisha kusogea mbele, midomo tayari, jina la mkwe likiwa karibu kabisa kutoka.

Bega la Nakulu Chisenga likafikiri kwa kirefu kuliko wakati wowote.

"Mama!" alipaza sauti Mukuka, kichwa kimeinuka, macho yake yakiwa ndani ya macho ya mama mkwe. "Ngoma iko nyuma!"

Nyimbo zikafa. Ziwa likasikika likifanya kazi yake. Rodwell alifumba macho kama mtu anayesali, na inawezekana alikuwa anasali.

Mukuka alijiziba kinywa kwa mikono miwili. Alikuwa amesema maneno manne. Akaona afadhali aombe radhi.

"Pardoni," alisema kupitia vidole.

Yakawa matano.

"Mayo!" alilia Olipa kutoka upenuni. "Mukuka! Si ulisema hata jiwe inaweza?"

Mama Bwembya hakumjibu mkwe wake. Hakuruhusiwa. Asiyeruhusiwa kusema na mtu husema na kitu, naye alikigeukia chungu cha bukari.

"Chungu," alikiambia, kwa sauti ile aliyowafundishia wasichana kushona, "twende nyumbani."

Lakini chungu hakina miguu, na waliokuwa na miguu walibaki pale pale. Kila mtu alielewa. Kuvirudisha vyungu maana yake ni kuvipitisha katikati ya Kabuta, mchana, mbele ya ndugu wa Puta, mbele ya mke wa katekista, ambaye alikuwa na dada katika kila kijiji cha pwani. Katika ukoo ule vyungu havijawahi kurudi. Hata mkwe yule mmoja wa zamani aliyelala usingizi mkekani aliingizwa hivyo hivyo, akikoroma. Mama Bwembya alishika ukingo wa chungu na hakukiinua.

Ndipo Nakulu Chisenga alipojikokota mbele, ngoma bado kiunoni.

"Acha chungu, mwanangu," alisema. "Huyu ni mume wa mjukuu wangu, basi ni mume wangu pia. Ugomvi wa ndoa hii ni wa kwangu." Alimtazama Mukuka chini mkekani. "Weye, mume wangu. Unasema ngoma iko nyuma?"

Mukuka aliinamisha kichwa. Kwa bibi aliruhusiwa kusema, hata kutaniana, lakini kwa mara moja hakutaka.

"Anasema..." alianza Rodwell, akikumbuka kazi yake.

"Mshenga, kaa. Huyu kinywa anacho, tumeisikia wote." Bibi aliifungua ngoma kiunoni, akaiweka mapajani mwa Mukuka. "Bega yangu iko mubovu. Yako iko nzima. Imebaki kuku. Piga weye! Kama wanawake watafika hapa mukekani wanacheza, tumesamehe, umeingia. Kama hapana, kuku anarudi, na wenzake wote."

Watu walipiga makofi. Ilikuwa hukumu nzuri. Hata Mama Bwembya alikiambia chungu, "Na iwe hivyo."

Mukuka aliinuka. Alikunja mikono ya shati kwa utaratibu. Aliinamisha sikio juu ya ngoma, akaigonga kwa ukucha, akatikisa kichwa, akaisogeza juani ngozi ikazike, akaisikiliza tena. Kila aliyekuwapo alihisi kwamba sasa kitasikika kitu ambacho Kabuta haijawahi kukisikia.

Na hapo, wakati mikono yake ilipokuwa juu, wazo moja likawaingia watu wote kwa pamoja. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kumwona Mukuka Kalaba akipiga chochote. Gitaa, hapana. Ngoma, hapana. Hata makofi kanisani aliyaona ya watoto. Alikuwa amezungusha mkono wa gramafoni, na alikuwa ametikisa kichwa.

Wazo hilo lilimwingia Mukuka pia, lakini yeye lilimkuta mikono ikiwa tayari inashuka.

Dum.

Wanawake, wakiongozwa na Mwaka, mdogo wake Mama Bwembya, aliyebeba kuku, waliinua mguu.

Hawakuushusha. Hapakuwa na cha kuushushia. Mukuka alikuwa akiutafuta mdundo wa pili. Alijua hasa ulipotakiwa kuwa. Aliusikia kichwani wazi kama santuri. Lakini kati ya kichwa na mikono njia ilikuwa ndefu na mbovu kuliko ile ya kwenda bara wakati wa masika.

Wanawake walisimama kwa mguu mmoja, mstari mzima, chungu cha kuku kichwani mwa Mwaka, kama korongo walioenda kuposa.

Du-dum, dum. Hatua mbili za haraka, moja ya kuruka. Wakasimama tena.

"Ba Mukuka," Mwaka alinong'ona kwa meno yaliyofungwa, naye alikuwa mwanamke mwenye uzito wa kuheshimika, "mi nakuomba, leta ingine. Hii mguu inakufa."

"Inakuja," alisema Mukuka.

"Inatoka wapi?" aliita mtu wa Puta.

"Inatoka Elisabethville!" alijibu mwingine. "Inakuja na baiskeli!"

"Puncha! Imepata puncha!"

Dum, alipiga Mukuka, wakati ambao hata yeye hakuutarajia, na mstari wote ukajirusha mbele kama mtumbwi uliokatwa kamba. Chungu cha kuku kilielea hewani, kikafikiri, kikarudi kichwani. Katekista aliinuka kitini ili kuwa tayari.

"Ngoma iko nyuma?" aliuliza Nakulu Chisenga kwa upole.

"Awe, hapana!" wakapaza sauti wanawake, mguu mmoja juu. "Iko mbele!"

"Sasa iko nyuma!"

"Sasa haipo!"

Hapo ndipo sauti moja ya ajabu iliposikika. Watu walidhani mtu amepaliwa. Walipogeuka wakamwona Mama Bwembya, aliyesoma misheni, mjane wa Mwalimu, mwenye vyeti vyote vya ubatizo, ameshika ubavu kwa mkono mmoja na chungu kwa mkono mwingine, anacheka. Hakucheka kwa leso. Alicheka mdomo wazi, machozi yakitiririka, huku akimtazama mkwe wake usoni, usoni kabisa, kama anavyotazamwa mtu wa nyumbani. Na kabla hajaweza kujizuia alisema naye moja kwa moja, bila chungu chochote katikati.

"Acha, mwanangu! Acha! Utatuua!"

Mukuka akaacha. Wanawake wakashusha miguu kwa shukrani.

Mama Bwembya alisikia maneno yake mwenyewe baada ya kuwa yametoka. Alifunga mdomo. Akalinyoosha gauni. Akawatazama watu wa Puta, na watu wa Puta, kwa adabu, wakatazama miti.

"Basi," alisema Nakulu Chisenga, akiichukua ngoma yake. "Mukwe amesema kabla ya kuitwa. Mama mukwe amemwita mwana kabla ya chungu kufunuliwa. Wote wawili wamevunja, hakuna wa kumusamehe mwingine. Na kuku anapoa."

Mwaka alikuwa amekwisha kumtua kuku mkekani, hakungoja amri. Alikuwa amefika. Kama alifika akicheza, hilo ni jambo ambalo kila mtu aliamua kutoliuliza.

Mama Bwembya alikifunua chungu cha mwisho kwa mikono yake, akasimama wima.

"Mukuka Kalaba."

"Mama."

"Umeingia."

Vigelegele vikapanda. Rodwell alilala chali juu ya mkeka kwa uchovu. Mukuka alitaka kucheza, akawaza tena, akatabasamu tu.

"Neno moja," alisema Mama Bwembya, na vigelegele vikanyamaza. "Leo wewe ni mtoto wa nyumba hii. Utasema utakavyo, nami nitakujibu. Kuna jambo moja tu ambalo, mahali nilipo, hutalitaja. Muziki. Nyimbo, ngoma, gitaa, gramafoni, waimbaji, wachekeshaji na viatu vyao. Hata neno."

Mukuka alikuwa na njaa. Kuku alikuwa mbele yake, na nyuma ya kuku alikuwapo Olipa, na nyuma ya Olipa barabara yote ya Nchelenge.

"Ndiyo, Mama," alisema. "Hiyo ni kazi ndogo."

Jumapili iliyofuata, kabla hajamchukua mke wake, alialikwa kula mezani kwa mama mkwe. Kitambaa cheupe kilitandikwa. Mukuka alivaa tai. Alikuwa ameingoja siku hiyo muda wote alioishi Kabuta, kukaa ana kwa ana na mwanamke huyu aliyesoma, kuzungumza naye kama mtu na mtu mwenzake, ili ajue hatimaye ni mkwe wa namna gani aliyempata.

Walinawa. Waliomba. Walianza kula.

Mukuka alifungua kinywa, kikafunguka juu ya jina la mpiga gitaa mmoja. Akakifunga. Akakifungua tena, pakawa na dansi. Akakifunga. Alipekua kichwa chake upande mmoja hadi mwingine, kama mtu anayetafuta kiberiti gizani, na kila alichokigusa kilikuwa na nyuzi.

Olipa alikuwa akiutazama ubavu wa meza, mabega yakimtikisika.

"Zungumza, mkwe," alisema Mama Bwembya kwa ukarimu. "Huu ni mwanzo. Tuna mchana mzima."

Mukuka alitazama kitambaa. Alitazama dirisha. Nje ya dirisha palikuwa na Mweru yote, mpaka Kongo.

"Mama," alisema hatimaye, "ziwa iko na maji."

Mama Bwembya aliweka kijiko chini, akageuka dirishani, akahakikisha.

"Kweli," alisema. "Kula."